Tangawizi ya Koko na Nyumba ya Bondeni

Nakumbuka asubuhi moja kule Kituku, bandari ndogo ya Goma, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelalia ziwa na mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ikirudi mmoja mmoja, wavuvi wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti yaliyolowa. Kabla hawajafunga kamba, kabla hata wanawake wa soko hawajaanza kubishania samaki, macho ya wale wavuvi yalikuwa yanatafuta kitu kimoja tu: moshi wa mbabula ya Koko, lile jiko lake dogo la makaa ambalo lilikaa mahali palepale mvua au jua. Koko alikuwa mama yake baba. Ningepewa leo kurudishiwa asubuhi moja katika maisha yangu, nisingechagua ya harusi yangu wala ya siku nilipopata diploma. Ningechagua ile, na kikombe cha bati kinachounguza vidole.

Koko aliuza chai ya tangawizi, hakuuza kingine. Aliosha mizizi bila kuimenya, akaiponda kwa jiwe jeusi la volkano, akaitia kwenye maji baridi na kuifunika sufuria mpaka ichemke polepole. Ukifunuafunua, alisema, nguvu inaondoka na mvuke, wewe unabaki na maji ya rangi. Wavuvi walimtania kila siku. Mmoja, mzee mwenye meno machache, alizoea kumwomba amwongezee nusu kikombe kwa sababu mke wake nyumbani analalamika. Koko hakuwahi kukosa jibu.

"Mimi nauza dawa ya baridi tu, papa. Ile ingine, acha pombe, ulale mapema."

Lakini mtu akija na shida ya kweli, utani uliisha. Aliyekohoa alipewa tangawizi na asali na ndimu. Aliyevimbiwa alipewa chai nyepesi baada ya chakula, si kabla. Mama aliyeogopa kutapika ndani ya boti ya Bukavu alipewa kipande kibichi cha kutafuna taratibu boti ikianza kuyumba. Wasichana walikuja kwa aibu siku zao za mwezi, tumbo likiwakaza, na Koko aliwapa kikombe bila kuwauliza kitu mbele ya wanaume. Na mtu akisema tumbo linamuunguza kama moto kabla ya kula, Koko alimnyima. Alimwambia chai hii si yake, aende akapimwe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na miguu ilikuwa inaniwasha. Sikuweza kukaa. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, na mimi niliokota biashara ya tangawizi. Nilivuka ziwa kwenda Bukavu, kwao wazee wetu, au nilishuka kisiwani Idjwi, nikarudi na magunia ambayo niliyauza soko la Birere, mengine nikamletea Koko. Huko Birere kuna kelele nyingi, na asiyepiga kelele hauzi. Nilitangaza kwamba tangawizi inatibu kichwa, tumbo, mgongo, damu, usingizi, na ndoa iliyopoa. Vijana wenzangu walicheka, wakanunua. Usinielewe vibaya, mwanangu, sikuwa nawadanganya. Niliyaamini maneno yangu kwa sababu nilikuwa nayarudia kila siku, na neno linalorudiwa kila siku huota mizizi hata kwa yule anayelisema.

Sasa nina dada mmoja, Furaha, aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa ameolewa na Bahati, kijana mpole aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja mjini. Mimba yao ya kwanza ilitoka. Furaha alikaa muda mrefu bila kucheka, na alipopata ya pili aliniambia kwa sauti ya chini, tukiwa tunatoka misa, kwamba akiipoteza na hii hatakuwa na moyo wa kujaribu tena. Kwa hiyo ukoo mzima ulimlinda kama yai. Ndiyo sababu Bahati alipopata nyumba mpya upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, mbali na msongamano wa Mabanga, mtaa alikoishi Koko, sote tulimsifu. Ilikuwa na mabati mapya yanayong'aa na sakafu ya saruji, na bei yake ilikuwa ya kushangaza kwa uzuri wake. Ilikuwa imejengwa ndani ya kibonde kidogo, ngazi chache chini ya barabara, imekingwa upepo pande zote. Tuliona hiyo ni bahati pia. Nani anapenda upepo wa Goma unaoleta vumbi jeusi hadi ndani ya chakula?

Hawakumaliza mwezi pale Furaha akaanza kuumwa. Kila asubuhi kichwa kizito, kizunguzungu, na kichefuchefu kisichompa nafasi ya kumeza hata ugali mwepesi. Wanawake walitabasamu. Mimba ndivyo ilivyo, walisema, na mimba iliyokaa vizuri inasumbua zaidi. Kitandani aliona joto na kila kitu kikizunguka, basi akaanza kulala chini, juu ya mkeka, kwenye kijikorido karibu na jikoni ambako saruji ilikuwa baridi. Mama mkwe wake alikuwa ameshuka kutoka vilima vya Masisi kuja kumwangalia, naye alilala kitandani chumba cha mbele. Mama huyo alikuwa mwema, lakini alilalamika kwamba tangu afike kichwa kinamgonga kila alfajiri kwa sababu ya kelele za Goma. Kwao, alisema, mtu anaamshwa na ng'ombe, si na pikipiki.

Koko alituma tangawizi. Nilimpelekea mimi mwenyewe, pamoja na maelekezo: kikombe kidogo, chepesi, akinywe polepole akiwa amekaa. Nilimwinua Furaha kutoka mkekani, nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni, akanywa. Mwanangu, niliona kwa macho yangu. Kabla kikombe hakijaisha rangi ilimrudia usoni, akaomba ndizi, akaila yote. Nilikwenda Birere siku ile nikitembea kama mtu aliyegundua dhahabu. Jumapili alikuja kwa Koko Mabanga, akanywa chai, akala maharage na sombe ya majani ya muhogo, akacheka mpaka akashika tumbo. Wote tukasema tazama mkono wa Koko. Lakini kesho yake, kule kwao, ugonjwa ulimkuta mkekani vilevile, tena kwa nguvu zaidi.

Hapo mabishano yalianza. Mama mkwe alisema waziwazi, nami nikiwa nimesimama pale na kifuko changu mkononi, kwamba hii mizizi imeshindwa.

"Kwetu mugonjwa anapewa maziwa," alisema. "Nyiye watu wa Bukavu munapenda kumuchoma mutu ndani."

Nilipomfikishia Koko maneno hayo, alicheka, akajibu kwamba watu wa Masisi nao wanapenda kumnyonyesha mgonjwa kama ndama. Lakini mimi sikucheka. Heshima ya tangawizi ilikuwa imeguswa, na mimi ndiye niliyeitangaza mji mzima. Nikajiambia dawa ya moto ni moto. Nikamwambia dada yangu mizizi ilikuwa michache, tuongeze. Tukaongeza mara mbili, kisha zaidi, chai ikawa nyeusi na kali hata mimi mwenyewe nilikohoa nikiionja. Furaha aliinywa kwa ajili ya mtoto wake, machozi yakimtoka. Kiungulia kikamshika, akatapika hata ile chai. Na kila alipotapika tulimlaza tena pale chini kwenye ubaridi, apumzike.

Nilikwenda Mabanga kumwomba Koko anichagulie mizizi ya zamani, ile iliyokauka, yenye nguvu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anatenga mizizi mizuri na mibaya. Aliposikia nilichofanya, aliiweka chini mizizi. Hakunipandishia sauti, Koko hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na labda ndiyo sababu maneno yake yananifuata mpaka leo katika kila mji ninaoingia.

"Dawa si kelele, mutoto wangu. Mutu asiposikia, hauongezi sauti. Unasogea karibu."

Akaniuliza kama Furaha anaumwa pia akiwa hapa Mabanga. Nikasema hapana. Akiwa kanisani? Hapana. Akiwa mlangoni pa nyumba yake, amekaa anakunywa? Nikasema hapo ndipo anapopata nafuu. Na akiwa amelala? Jibu lilikuwa limeanza kunitisha kabla sijalijua. Koko akasema sisi wote tumekuwa tukimuuliza Furaha inamuuma sehemu gani ya mwili, na hakuna aliyemuuliza inaanza akiwa mahali gani.

Kesho yake wavuvi walikuta Kituku hakuna moshi. Koko hakuwasha mbabula. Alijifunga kitenge chake cha misa, akapanda nyuma ya pikipiki akiwa amefumba macho na kunishika kama mtu anayezama, tukafika kwa Furaha jua likiwa bado halijagusa kile kibonde. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Bahati alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, anavua viatu mlangoni. Alitusalimia kwa furaha, akaanza kumsifia Koko nyumba, jinsi bei ilivyokuwa ya chini na jinsi ziwa linavyoonekana.

"Bei ya chini iko na sababu yake," Koko alisema, akapita.

Furaha alikuwa mkekani, midomo imepauka, anapumua haraka kama mtu aliyepanda mlima. Koko hakusimama juu yake kumpa pole kama sisi wote tulivyokuwa tukifanya. Aliinama. Alipiga magoti, kisha akaweka shavu lake pale kwenye saruji, sambamba na shavu la mjukuu wake, akakaa hivyo kidogo. Alipoinuka alishika ukuta kwa kizunguzungu. Aliniambia nimtoe dada yangu nje, kwanza nje, maswali baadaye. Mimi na Bahati tukambeba mpaka juu barabarani.

Niliporudi, Koko alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo sakafu inashuka kidogo kuliko nyumba yote, na kiberiti mkononi. Aliwasha njiti akiwa wima, ikawaka vizuri. Akaishusha taratibu, mkono tu, yeye mwenyewe hakuinama tena. Karibu na sakafu moto ukalegea, ukafifia, ukazimika bila kupulizwa na mtu. Akarudia. Ukazimika tena. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yetu, akafungua mlango wa uani, na katika kishimo kando ya ukuta tukaona vifaranga wake wamelala kama waliosinzia, hawapumui.

Hakuna aliyehitaji kulitaja jina lake, lakini Bahati alilitaja, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mazuku."

Mwanangu, kama hukukulia Goma nikueleze. Chini ya mji wetu kuna moto, na moto ule unapumua. Pumzi yake haina rangi, mara nyingi haina hata harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa chini na kujaa mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Hiyo ndiyo mazuku, upepo mubaya. Mtoto wa Goma anaijua kabla ya kujua kusoma. Sote tumewahi kuonyeshwa mbuzi aliyelala katika shimo na kuambiwa tusishuke kumchukua. Lakini katika vichwa vyetu mazuku ilikuwa kitu cha porini, cha mawe na majani yaliyokauka. Nyumba ya saruji, yenye mabati mapya na pazia mlangoni, nani angefikiri? Tulimwogopa adui yetu porini, tukamtandikia mkeka ndani ya nyumba. Na kila dada yangu alipozidiwa, tulimlaza karibu naye zaidi.

Koko alikaa kando ya barabara, Furaha amemlalia mapajani, jua limewafikia. Alikuwa amepoteza uso wake wa utani. Niliogopa atanigombeza mimi kwa ile chai nyeusi, lakini alijilaumu yeye mwenyewe, yeye aliyeishi kwa tangawizi.

"Tumeisifu tangawizi kwa kazi ya hewa. Mutoto alikuwa anaamka kutoka chini kukunywa, ndiyo ile ilikuwa inamusaidia. Angeamka kukunywa maji matupu, angesema maji yanaponyesha."

Tulimpeleka kituo cha afya asubuhi ileile. Muuguzi alimpima, akasikiliza tumbo kwa muda ambao sisi nje tulishindwa kusali vizuri kwa hofu. Mtoto alikuwa hai. Akasema wasirudi kulala katika nyumba ile hata mara moja, na majirani wa bondeni waambiwe. Koko, bila kuzungukazunguka, alimweleza habari ya tangawizi yote, pamoja na ile niliyozidisha. Muuguzi hakuidharau. Alisema kidogo na nyepesi inaweza kutuliza kichefuchefu cha mimba, lakini kila mjamzito aulize kwanza, kwa kuwa mimba hazifanani. Na anayetapika hata maji aletwe, asingojewe. Mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari nayo, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asiinywe kabla ya kumwambia daktari. Koko aliitikia kwa kichwa kila neno.

Furaha alihamia kwa Koko Mabanga, na mama mkwe akaja pia, kichwa chake kikapona siku aliyohama ingawa kelele za Mabanga ni mara mbili. Wale mabibi wawili walilala chumba kimoja wakitukanana kwa mapenzi, mmoja na maziwa yake, mwingine na mizizi yake, mpaka Furaha alipojifungua salama msichana mwenye mapafu makali kuliko wote. Kikombe cha kwanza alichokunywa Furaha baada ya kujifungua kilikuwa chai nyepesi ya tangawizi yenye maziwa ya Masisi. Hakuna aliyetaka kusema ni ya nani.

Baada ya hapo miguu yangu iliniondoa. Nimeishi Kisangani, nimeishi Lubumbashi, nimevuka mipaka ambayo sasa siyakumbuki majina yake. Kila mji nilinunua tangawizi. Huko Lubumbashi, baridi ya mwezi wa sita ilinikaza kifua, nikachemsha, nikafunika sufuria, nikafanya yote. Kikohozi kilipona, lakini kitu kingine kilibaki kimekaa palepale kifuani. Nilikitafutia dawa kwa muda mrefu kabla ya kukubali kwamba hakikuwa ugonjwa wa kifua. Kilikuwa kinaanza nikiwa mbali na kwetu. Koko alipougua kwa uzee, barabara zilikuwa zimefungwa kwa vita. Nilituma kilichoweza kutumwa, na habari ya mazishi ikanikuta njiani. Alizikwa ng'ambo ya ziwa, kwao. Sasa nimerudi, nina miaka arobaini na kitu, nywele zimeanza mvi, na Furaha na binti yake wanaishi Uganda kama wengi wa watu wetu. Asubuhi nyingine nashuka Kituku. Kuna mama mwingine anayeuza chai. Ni nzuri. Naimaliza, nashukuru, nasimama pale kidogo nikitazama maji upande wa kusini, kuelekea Bukavu.

Sasa nikuambie niliyotaka kukuambia. Siku hizi simu yako inakuletea kila asubuhi ujumbe kwamba tangawizi inaponya kila kitu, na aliyekutumia amewatumia watu mia. Mimi nilifanya kazi hiyo Birere bila simu, kwa hiyo naijua. Tangawizi ni zawadi ya kweli. Inapasha mwili joto, inatuliza tumbo lililochafuka, inalainisha koo la mwenye mafua, inampunguzia msichana maumivu yake. Itumie, mwanangu, kwa kiasi, baada ya kula, na iheshimu kwa kujua mwisho wake. Mtu wako akipata nafuu, usikimbilie kusifu kikombe. Tazama alikuwa wapi, alikuwa amekaa au amelala, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Asipopata nafuu, usiongeze ukali. Mpeleke kwa wauguzi wa kituo cha afya, na kabla ya hapo shuka mwenyewe hadi anapolala, uweke uso wako pale ulipo uso wake, kwa maana mizizi unaweza kumpa mtu yeyote akupelekee, ila macho hayatumwi. Na kama ni nyumba ya bondeni, mtoe kwanza, uulize baadaye.

Mungu wa wazee wetu wa pande zote mbili za ziwa akujalie nyumba yenye upepo. Akujalie watoto wanaopiga kelele asubuhi. Na siku utakapolala chini bila nguvu ya kujieleza, akuletee mtu mmoja anayekupenda kiasi cha kupiga magoti.